Msutsu Niliouacha Umesimama

Mti ulinigharimu elfu tatu, nauli ya Bungoma hadi Kachibora kando. Niliununua msutsu huo ukiwa bado shambani, tuupasue kuni za hoteli yetu ya Kanduyi. Nilipomleta fundi wa msumeno, majani yalikuwa yameanza kugeuka. Katikati ya kijani, kila tawi lilikuwa na majani ya rangi ya machungwa, yanawaka juani kama makaa yaliyopulizwa. Mimi ninayebishana hata bei ya chumvi nilikaa chini kuutazama.

“Mzee, tunakata ama tunaangalia?”

“Ngoja kwanza, bana.”

Tulingoja mpaka jua likashuka, tukarudi mikono mitupu. Mama watoto anauliza kuni ziko wapi. Nimwambie nini, jameni?