Mstari niliouruka nilipomsomea Papa

Leo Bibi ametetemeka kwa baridi ndani ya gari letu, na kosa ni langu.

Jumamosi Papa na rafiki yake, Anko Mwangi, walikuwa wanang'oa valvu ya ekzosi, ile ya bomba la moshi, kwenye pikapu yetu ya dizeli. Ilikuwa inakwama kila mara. Papa hasomi Kiingereza, kwa hiyo nikamsomea kwenye simu: ukiitoa, injini inapumua vizuri.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Kwenye baridi kali, valvu hiyo inabana moshi ili injini ipate joto haraka.

Huo niliuruka.

Anko alikuwa ameshasema, "Toa tu, hiyo ni takataka." Na mimi kumpinga mtu mzima mbele ya watu... mnanijua.

Sasa leo asubuhi, kwenye baridi kali ya huku ughaibuni, tunampeleka Bibi kwa daktari mjini Lanham. Hita ikapuliza baridi karibu njia nzima.

"Mwanangu, umenipakia kwenye friji?" Bibi akamuuliza Papa. Papa akacheka. Mimi nilishindwa.

Tulipofika nikamwambia Papa ukweli. Nilitamani anigombeze.

"Tutairudisha hiyo valvu," alisema tu.

Baadaye daktari akatupa karatasi ya majibu ya vipimo vya Bibi, kwa Kiingereza. Papa akaniwekea mkononi.

"Soma. Na ule mstari unaoogopa kusema, soma pia."

Nikasoma yote. Nilisita mara mbili, Papa akanisubiri.

Nyinyi mnaowasomea wazazi wenu, mmewahi kuruka nini?