Shukrani Alizozikimbia Mama Barafu

Hospitalini walimwita Mama Barafu. Aliendesha mashine inayoshika zamu ya moyo na mapafu wakati daktari anashona moyo wa kichanga. Kabla damu haijasimamishwa, yeye ndiye aliyeipoza, pole pole, ili ubongo ulale usidai hewa isiyokuwepo. Mumewe alizoea kumtania: "Osha mikono kwa maji moto kwanza, ndipo unishike."

Alicheka naye. Lakini kuna mtoto mmoja aliyekataa kumtoka kichwani. Binti, mchanga kabisa. Walimpoza vizuri, wakampasha joto vizuri, moyo ukaanza kudunda wenyewe, chumba kizima kikashusha pumzi. Jioni degedege likamshika, ubongo ukaumia. Walipekua kila hatua, wasione walipokosea. Hilo ndilo lililomla Mama Barafu: angeona kosa, angejua ajutie nini.

Tangu hapo, kila alipobandika kipimo cha hewa ya ubongo kwenye kipaji cha uso cha mtoto mwingine, alimwona yule binti. Na miaka ilivyopita, mama wa binti huyo alikuwa akija kliniki, binti begani, miguu mirefu ikining'inia.

"Dada, ubarikiwe! Moyo wake mzima!"

Kila mara Mama Barafu alijifanya ana haraka, akapotelea ngazi za nyuma.

Siku moja, katikati ya upasuaji, kipimo cha ubongo wa kichanga mwingine kiliporomoka upande mmoja. Akapaza sauti, daktari akasogeza mrija, kikapanda. Mtoto alipona. Yeye alitoka, akajibwaga kwenye benchi bila kutazama. Kando yake, yule mama.

"Leo hukimbii?"

"Leo sina miguu."

"Ulidhani sioni? Na la kichwa chake walinieleza, kitambo."

"Sasa mbona unanishukuru?"

"Nilitaka usimame tu. Wenzako huniambia nina bahati. Wewe ukimwona, uso unakushuka. Nikasema, huyu anajua." Akamsogeza binti. "Nipakatie, nifuate dawa dirishani."

Binti alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Macho yake yalikwama kwenye taa ya dari, yasimtafute mtu. Chini ya shati moyo ulipiga kwa nguvu, bila kusita, ukamgonga Mama Barafu kwenye mkono.

Yule mama alirudi mikono mitupu. "Wanasema nirudi wiki ijayo."

"Nitakuwepo," alisema Mama Barafu.

Njia nzima ya kwenda nyumbani, mkono wake uliendelea kuusikia ule moyo.