Hotuba Niliyomwandikia Mume Wangu

Jiwe lilimvunja mume wangu meno mawili ya mbele machoni pa umati kijijini Nkwenda, na hakutoa hata sauti.

Ilikuwa kampeni ya udiwani, 1994. Elpidius wangu alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku, na mawili kati ya hayo ni salamu. Mpinzani wake, Kamugisha, akianza kuongea hata mbuzi waliacha kula.

Vijana wake walituzomea sokoni. "Mkimchagua bubu huyo, barabara ataiomba kwa vidole?"

Iliniuma, jamani. Nilikuwa nasoma madarasa ya jioni, basi nikamwandikia hotuba ukurasa mzima. Akaikunja, akaitia mfukoni. Nikasema moyoni, leo watamkoma.

Alipanda jukwaani, na kabla hajafungua mdomo, jiwe likaja. Kisha fimbo. Moja ilinipata begani, karibu kabisa na kichwa cha mwanangu niliyembeba mgongoni. Jirani yangu Placidia alipasuliwa kichwa, damu ikamziba macho.

Vijana wetu nao wakachomoa mapanga, mbio hadi nyumbani kwa Kamugisha, nasi nyuma yao. Hakuwepo. Ndani alikuwa mama yake mzee, peke yake. Wakafunga mlango kwa nje.

Sibomana, mkubwa wa vijana wetu, akawasha kienge cha nyasi, akamgeukia mume wangu. "Sema neno moja tu."

Elpidius akawa anautazama mlango.

Mimi ndiye niliyesema. "Choma."

Nikiwa na mtoto mgongoni.

Elpidius alinitazama, akampita Sibomana, akafungua mlango. Akatoa karatasi yangu mfukoni. Nikajua sasa anasoma.

Akaikunjua. Ndani alikuwa amefungia kahawa ya kutafuna.

"Shikamoo mama," alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Karibu kahawa."

Bibi alichukua punje moja, akatafuna. Elpidius naye akatafuna kwa magego. Kwetu, mliyetafuna naye kahawa ni ndugu, na nyumba ya ndugu haichomwi.

Sibomana akakikanyaga kienge mpaka kikazimika.

Kura tulishindwa, kwa tofauti ya kumi na moja tu. Watu bado huniuliza kama mpole anafaa kugombea. Nami huwauliza: siku wafuasi wake wakishika moto wakisubiri neno, atawaambia nini? Mimi niliyejua kuongea, nilishajibu.

Yule mtoto wa mgongoni sasa naye anagombea. Kimya kama baba yake.

Sijamwandikia hotuba. Nimemfungia kahawa.