Siku Clotilda Alipojibu "Chai Maharage"

Wiki hii nimepata meseji kumi na nne, na kumi na moja kati yake ni swali lile lile: nikodi gari kwa mwezi au niendelee na mwendokasi? Mnanitumia hesabu za mafuta, za paking, za nauli, kwenye majedwali yaliyopakwa rangi kabisa. Halafu hakuna hata mmoja anayesema anaenda wapi na akichelewa kinamkuta nini. Sasa mimi nijibu nini? Mnachosha.

Nawapa Bibi Clotilda. Ni jirani yangu hapa Ilala, ana miaka sabini na tisa, na hesabu hiyo hiyo aliipiga mwaka 1977, kwa mkaa, kwenye ukuta wa chumba cha kupanga Buguruni.

Alikuwa ametoka Kilimanjaro kumfuata mume. Mume akahamishiwa Tanga kwenye katani, akawa anakuja mwisho wa mwezi, kama akija. Clotilda akabaki na jiko. Alipata tenda ya kupeleka chai mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya malori yenye wafanyakazi sitini. Chai, chapati na maharage. King'ora kinalia saa nne kamili, wanakunywa, kinalia tena saa nne na robo. Ukifika na nusu, umeleta maji ya kunawia.

Shida ilikuwa basi. Fikiria unasimama kituoni Buguruni na debe la chai inayofuka moshi, sufuria la maharage na kapu la chapati. Kondakta anakuangalia kama umebeba bomu.

"Mama na moto wako, subiri linalokuja."

"Linalokuja saa ngapi?"

"Mimi nipo kwenye hili. Nitajuaje la mwenzangu?"

Lilikuja likijaa, au halikuja. Kuna mwezi mmoja alichelewa mara tatu, na mara ya tatu msimamizi, Mzee Kitwana, alimsubiri getini mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mchaga mzima unashindwa hesabu ya dakika?"

"Mzee, basi..."

"Mimi sikumpa tenda basi. Nimekuvumilia tatu. Ya nne namwita Sofia."

Sofia alikuwa anauza uji pale nje ya geti. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na Clotilda alikuwa hampendi kwa sababu hiyo tu.

Basi akarudi nyumbani, akachukua mkaa, akaandika ukutani. Kwenda: thumuni yake, yaani nusu shilingi, thumuni ya debe, thumuni ya sufuria. Kurudi shilingi moja. Mbili na nusu kwa siku, siku ishirini na sita, sitini na tano. Ongeza siku tatu za chai ya kumwaga, arobaini arobaini, mia na ishirini. Jumla mia na themanini na tano. Hiyo ndo bei ya kweli ya basi, siyo ile ya kwenye tiketi. Nyie mnaonitumia hesabu, hapo mmeshawahi kufika?

Upande wa pili akaandika gari. Aliyekuwa na gari ni Onesphory, mtu wa kwao kabisa, wanasali kanisa moja. Alikuwa ofisa wa serikali na alikuwa na Pijo 404 pikapu, ya mkopo wa kazini, inakaa tu nyumbani siku za kazi kwa sababu yeye anafuatwa na gari la ofisi. Alitaka mia mbili na hamsini kwa mwezi. Mafuta tisini. Dereva, kijana anaitwa Abbasi, sitini. Jumla mia nne.

Gari ghali mara mbili na zaidi. Mtu wa jedwali angeishia hapo. Lakini Clotilda alijua tenda inamwachia faida ya mia tano, mia tano na ushee kwa mwezi kabla ya usafiri, na Sofia yupo getini na uji wake. Mia iliyobaki ni kubwa kuliko sifuri. Akaamua gari.

Siku ya kukabidhiana, Onesphory alipokea noti, akazihesabu mara mbili, akaziweka ndani kabisa ya Kaunda suti. Halafu akashusha sauti kama yuko kitubioni.

"Dada Clotilda, neno moja. Mimi ni kiongozi. Azimio la Arusha unalijua. Kiongozi hapangishi nyumba, hana mishahara miwili. Wakisikia nakodisha gari, kazi sina."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijakukodisha. Nimekuazima."

"Na hii mia mbili na hamsini?"

"Hiyo ni shukrani yako."

Akacheka. Clotilda akacheka pia, na mpaka leo akifika hapo kwenye hadithi anajipiga paja. "Nilicheka mjukuu wangu! Nilicheka na pesa zangu ziko mfukoni kwake!" Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Mimi nilimwambia bibi huo ulikuwa ujinga. Akasema ndiyo, tuendelee.

Wiki mbili mambo yalienda vizuri. Chai ilifika saa nne kasoro. Tatizo dogo lilikuwa Abbasi. Kila asubuhi akipakia debe, nyuma ya pikapu kunakuwa na watu wawili watatu wamekaa kwenye ubao.

"Hawa nani, Abbasi?"

"Ndugu zangu, dada. Wanashuka Kariakoo."

"Jana wale wengine?"

"Ndugu upande wa mama."

Clotilda hakuwa mtoto. Alijua ndugu hao wanalipa thumuni kwa kichwa na Abbasi anatia mfukoni. Lakini kijana alikuwa hachelewi, naye akaona kugombana ni kutafuta dereva mwingine. Akanyamaza. Kosa la pili hilo, mimi nahesabu.

Alhamisi ya wiki ya tatu, barabara ya Uhuru, wamepita Ilala Boma kidogo tu, koplo wa polisi akanyoosha mkono. Abbasi akasimamisha gari. Koplo akazunguka nyuma, akaangalia wale ndugu watatu, akarudi dirishani kwa Clotilda.

"Habari za asubuhi mama. Gari hili linafanya kazi gani?"

Na Clotilda, mwenye haraka, jicho kwenye saa, akili iko Gerezani, akajibu ukweli mtupu.

"Chai maharage, afande. Tunawahi saa nne."

Kwa vijana ambao hamjui: miaka ile chai maharage ndilo jina la vigari vya watu binafsi vilivyobeba abiria bila kibali, pikapu zenye mabao, watu wanakaa wanatazamana kama wako mezani. Serikali ilikuwa haivitaki hata kuvisikia. Kwa hiyo koplo ameuliza gari linafanya nini, na mama amekiri bila hata kufinywa.

Koplo alibaki mdomo wazi. "Unasema?"

"Chai maharage! Kila siku, asubuhi. Hata leo tumechelewa."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

Abbasi alikuwa anamkanyaga mguu chini kule. Yeye akamgeukia. "We unanikanyaga nini?" Nyuma ndugu mmoja alikuwa ameshashuka, anatembea haraka kuelekea Buguruni, hajageuka.

Walifikishwa kituoni saa nne kasoro dakika ishirini. Hapo ndipo Clotilda alipoelewa amesema nini. Akamshika koplo mkono, akamvuta hadi kwenye pikapu, akafunua debe. Mvuke ukampiga yule mtu usoni. Akafunua sufuria.

"Hii nini?"

Koplo akainama. "Maharage."

"Na ile?"

"Chai."

"Nimekudanganya wapi?"

Askari wengine walikuja kuchungulia, wakacheka mpaka mmoja akavua kofia. Koplo naye alicheka, lakini akasema sheria haicheki. "Mama, chai ni chai, nimeona. Hawa wawili waliobaki wamelipa thumuni, na wamesema wenyewe. Gari la nani?"

"La ndugu Onesphory."

"Amekukodisha?"

Hebu simama hapo uone. Akisema kodi, Onesphory kazi hana na huenda gari likashikiliwa wiki nzima. Akisema azima, Onesphory anakuja, anachukua gari lake, na yeye hana cha kudai popote. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nne kasoro dakika tano. Clotilda aliona Onesphory atakuja mbio, mtu wa kwao, watatoka wote, gari litaendelea mpaka mwezi uishe.

"Ameniazima," akasema.

Onesphory alikuja saa saba. Alisalimia kila mtu isipokuwa Clotilda.

"Nilimwazima kwa siku moja tu, afande, kwa ubinadamu. Naomba gari langu."

Alipewa. Abbasi alibaki kujibu ya abiria wake. Pale nje Clotilda alimkimbilia Onesphory, akashika mlango wa gari.

"Ndugu Onesphory, nimelipa mwezi. Zimebaki siku kumi."

"Umelipa nini?"

"Mia mbili na hamsini!"

"Dada, uliona wapi mtu analipia kitu cha kuazima?"

Akawasha gari. Na Jumapili inayofuata alikaa kanisani benchi la mbele, akaimba kwa sauti ya kwanza. Mimi hapa nikamuuliza bibi kwa nini hakumsema mbele ya watu, akaniambia watu wa kanisani walikuwa wanamtegemea Onesphory awapatie vibali vya kununua saruji, nani angemsikiliza muuza chapati.

Alikodi mkokoteni, akaingia karakana saa nane mchana na debe lililopoa. Sofia alikuwa anakausha vikombe vya uji. Sitini. Kitwana alikuwa ameketi juu ya tairi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sina la kusema, uliambiwa."

Clotilda hakulia, hakueleza habari ya polisi. Aliuliza kitu kimoja, na aliuliza kwa hasira: "Huyu Sofia anapanda gari gani?"

Kitwana akashangaa. "Gari la nini? Analala hapo nyuma ya ukuta. Akikohoa namsikia."

Bibi anasema alihisi kama amepigwa kofi. Ukuta mzima wa mkaa, basi huku, gari kule, na chumba Gerezani kilikuwa shilingi arobaini. Buguruni alikuwa analipa thelathini. Shilingi kumi! Alikuwa ameshampa Onesphory mara ishirini na tano ya hiyo.

"Mzee, nipe mpaka Jumatatu. Nitapika hapo nyuma."

"Jumatatu ina nini?"

"Wanaume wako walishiba uji leo?"

Kitwana akawatazama vijana wake. Mmoja mwenye grisi mpaka masikioni akasema, bila kuulizwa, "Mzee, uji ni wa wagonjwa bwana." Sofia akamtupia kikombe. Kitwana akakuna kidevu.

"Jumatatu moja. Ukichelewa hata dakika ya kupiga chafya, usirudi."

Alihama Jumamosi, godoro, jiko, sufuria, vyote kwa mkokoteni mmoja. Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi, debe lilikuwa mezani, king'ora hakijalia. Kitwana alijimiminia kikombe cha kwanza, akapiga funda, akakitema chini.

"Mama! Chai ya moto hivi mtu ataimalizaje kwa robo saa?"

"Puliza," Clotilda akamwambia, akaendelea kugawa chapati.