Kidude cha Tisa

Binti yangu alipotaka kuachana na taipureta na kununua kompyuta kwa ajili ya duka lake la uchapaji pale Ibighi, mjini Tukuyu, niliuza ng'ombe. Ng'ombe alikuwa wangu, kwa hiyo Mbeya tulikwenda wote wawili. Miaka ile vitu vya nje vilikuwa vimeruhusiwa kuingia nchini, kila mwenye duka akajiita mtaalamu.

Muuzaji akatuwekea mezani vipande viwili vya kumbukumbu ya kompyuta, tuchague cha kutiwa ndani ya mashine. Kimoja kilikuwa na vidude vyeusi vinane, kingine tisa, na hicho chenye tisa kilikuwa ghali. Nikauliza hicho cha tisa kinabeba nini.

"Hakibebi kitu, mama. Kinakagua wenzake kama wamekosea. Ni mambo ya benki hayo. Huko kwenye migomba yenu kuna benki gani?"

Binti akacheka. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu Ikuti, habari ya msiba haikupelekwa na mtu mmoja. Walitumwa wawili: mmoja aseme, wa pili anyamaze, asikilize kama mwenzake hajapotosha jina la marehemu. Huyo wa pili hakuna aliyemwita mzigo. Na kazi kubwa ya binti yangu ilikuwa nini? Kuchapa ratiba za mazishi. Nikasema ni chenye tisa, au tunarudi Tukuyu mikono mitupu.

Duka la uchapaji la jirani walinunua mashine ya bei rahisi, ya vidude vinane, wakawa wanatuita Benki. "Benki imefungua leo?" Tukavumilia.

Asubuhi moja wafiwa wamekaa kwenye benchi, mvua inanyesha, ratiba yao inakaribia kwisha, mashine ikasimama. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu ina kosa, basi, haikuitikia kitufe tena. Kazi yote ikapotea. Wafiwa wakainuka mmoja mmoja, wakahamia kwa jirani.

Binti akanigeukia, machozi yanamlenga. "Mama, ile ya vidude vinane ingeendelea tu."

"Ingeendelea na nini?"

Nikamwambia akitaka mashine inayokosea halafu inasonga mbele kama haikukosea, akaajiriwe kwa jirani, si mbali. Aliniwekea uso mgumu wiki nzima, lakini kipande kile hakukitoa.

Mpaka leo watu wananiuliza siku ile tuliepuka kosa gani. Sijui. Labda jina, labda nukta. Lakini sisi tuliambiwa kuna kosa. Jirani hajui mpaka leo aliwachapia watu nini.