Walinilisha Uji kwa Nguvu, Leo Binti Yangu Ananiuliza kwa Nini Nilimnyima Chakula

Naomba mnisitirie jina. Mji wetu ni mdogo, kwa hiyo msianze kuulizana huyu ni nani.

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa Olbalbal kwa wafugaji wa Kimasai, nikasoma hadi kidato cha nne, nikaolewa hapa Karatu na kijana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kilimanjaro. Tangu nikiwa sekondari naandika daftari la kila siku, na tarehe juu ya kila ukurasa. Haya ninayowaeleza nimeyasoma upya jana.

Nilipata mimba yangu ya kwanza mwaka 1999. Ilipofika miezi sita nikapimwa, nikaambiwa nina kisukari cha ujauzito. Muuguzi alinielekeza bila haraka: soda, uji wa sukari na ndizi mbivu niache, ugali uwe wa dona na usizidi ngumi yangu, nusu ya sahani iwe mboga za majani, pembeni maharage au yai. Maziwa ninywe, bila sukari. Nile kidogo kidogo, mara nyingi, nisishinde na njaa. "Sukari yako ikipanda, mtoto anakuwa mkubwa kuliko njia yake," aliniambia. Niliandika kila neno.

Mama mkwe alipoiona sahani yangu alicheka hadi akashika mlango. "Kumbe tumeoa na mila zao!"

Nikiri jambo moja. Kwetu wanawake wa zamani walipunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo, atoke kwa urahisi. Mama yangu mzazi alifanya hivyo. Mama mkwe alikuwa amesikia habari hizo, basi kila nilipotaja kliniki yeye alisikia Olbalbal.

"Usimsingizie daktari," alisema. "Hayo umetoka nayo bomani kwenu. Mjukuu wangu hafungi Kwaresima tumboni."

Nilimwonyesha daftari.

"Mwandiko ni wako. Hata mimi naweza kuandika kwamba Mungu kanipa gari."

Mume wangu ni dereva wa watalii. Alirudi kutoka kreta baada ya siku tano, nikamweleza yote. Akavua viatu, akasema, "Mwache mama akulishe. Watu watasema nimeoa mke namshindisha njaa."

Ijumaa moja mama mkwe aliwaita akina mama sita wa jumuiya yake ya kanisani. Walikaa wakanizunguka sebuleni. Akaleta jagi la uji wa sembe, akatia sukari mbele yao, vijiko vitatu kila kikombe. "Leo tunamlisha Mmasai," alisema, wakacheka. Nilipogeuza uso, mmoja alinishika kidevu kama unavyomshika ndama anayepewa dawa. Vikombe vinne. Kuanzia siku hiyo mama mkwe alikaa na kigoda mbele yangu asubuhi na jioni, na hakuondoka mpaka nimalize. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwahi kumjibu mtu mzima.

Kliniki sukari ilikuwa juu zaidi. Muuguzi aliuliza, "Dada, unakula nini?" Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu. Akajibu kabla yangu: "Kama mlivyomwambia." Muuguzi akaniangalia mimi. Nikanyamaza. Kimya kile ni changu, simsukumii mtu.

Mtoto alikuwa na kilo nne na gramu mia tisa. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Walimvuta, na mimi nilisikia. Mama mkwe alipoambiwa uzito alipiga vigelegele koridoni. "Tungefuata mila zao tungepata panya!" Siku ya tatu tukaona mkono wa kulia hauinuki. Daktari akaeleza kwamba mishipa ya fahamu ya bega iliumia kwa sababu mtoto alikuwa mkubwa, na alikuwa mkubwa kwa sababu ya sukari. Mume wangu alisikia maneno hayo kwa masikio yake. Hajayarudia hata siku moja.

Mama mkwe alipata maelezo mengine, akayapeleka hadi kanisani. "Mwili nimempa mimi. Mkono ndio mama yake aliounyima chakula." Wale akina mama sita walikuwapo. Waliitikia kwa kichwa.

Binti yangu sasa ana miaka kumi. Shuleni wanamwita Nusu. Mwezi uliopita alinikuta nafua, akauliza taratibu, "Mama, ni kweli nilipokuwa tumboni hukutaka nile?" Nilimwambia aniletee sabuni.

Sasa sikieni aibu yangu. Mama mkwe anaishi kwetu, na ana kisukari mwaka wa pili. Karatasi aliyopewa inafanana na daftari langu la zamani karibu mstari kwa mstari, na anayempikia ni mimi. Kila siku ananibembeleza: "Mwanangu, chai hii ni maji ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja tu." Kwa karibu miaka miwili nilikataa, na nilikataa kwa haki.

Jumatatu iliyopita nilimsikia barazani akimwambia binti yangu, "Usimlaumu mama yako. Hakujua, katoka porini." Nikarudi jikoni. Nikatia vijiko vitatu, nikakoroga mpaka vikayeyuka vyote.

Binti yangu ndiye aliyempelekea, kwa mkono wake mzima. Akarudi anatabasamu. "Bibi anasema leo chai ni tamu. Anasema Mungu akubariki, na kesho iwe hivyo hivyo."

Nimeandika tarehe. Leo ni Jumapili, na daftari lina vikombe sita. Jana alilalamika kwamba macho yanaona ukungu, na miguu inamwaka moto. Mume wangu yuko safari. Binti yangu anajifunza kusoma mwandiko wa kuunganisha kama wangu, na daftari la mwaka ule na la mwaka huu yako kabati moja.

Nimpe asome lile la kwanza, ajue mkono wake ulipotea wapi? Na akinyoosha mkono achukue la pili, nimwambie nini? Nishaurini, ndugu zangu. Maji ya chai ya jioni yako jikoni.