Vidole vya Rehema

Msimu wa mvua kwetu Gikondo ulinuka mkaa uliolowa. Mvua ilipoanza, mama alihamisha jiko kutoka uani na kuliweka ujiani, mbele ya mlango wa chumba chetu, nasi tukajifunza kuliruka kama watu warukavyo mfereji. Hakuna aliyeona ajabu. Asubuhi moja mdogo wangu Rehema, ambaye hakuwa ameanza shule, aliteleza kwenye tope tulilokuwa tumeingiza kwa miguu, na mkono wake wa kulia ukazama katika sufuria ya uji. Uji si kama maji. Ulimganda vidoleni na kuendelea kumchoma huku akipiga mayowe.

Nilikimbilia jerikani la maji, Bibi akanizuia. "Wee! Maji iko inavimbisha! Unataka ngozi itoke?" Jirani yetu Mama Divine alikuwa ameshafika na dawa ya meno. "Hii iko baridi, itatoa moto." Nikamuuliza moto utatolewaje na mnanaa. "Haya, mheshimiwa jaji ameanza," akasema Bibi. "Nenda ukahukumu shuleni." Wakampaka. Kisha Bibi akachana kitenge kisafi na kuvifunga vidole vyote pamoja, kwa upendo, kama mtoto anavyofungwa mgongoni. Hakuna aliyefikiria kuvitenganisha.

Kitambaa kilipoondolewa, vidole vilikuwa vimeshikana na kujikunja kuelekea kiganjani. Mama, fundi wa kushona aliyetamani binti wa kumrithi cherehani, alivinyoosha kwa mafuta kila asubuhi, Rehema akilia, mpaka siku moja Mama akaacha tu. Waliokuja kutupa pole walisema ajali haina kinga. Nimesoma hadi chuo kikuu na bado methali hiyo inanikera. Jiko lilikuwa njiani. Hilo lilikuwa na kinga.

Siku hizi napika kwa gesi, na ukutani mwa kituo cha afya kuna bango: aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, kisha apelekwe hospitali. Sina hakika kama bango lingemshinda Bibi. Rehema alipasuliwa mkono akiwa msichana. Vidole viwili vilifunguka, vingine viligoma. Bibi naye amezeeka, kumbukumbu zimemtoka. Tukienda kumsalimia huushika mkono ule, huugeuzageuza, machozi yakimlenga.

"Mjukuu wangu, nani alikufanyia hivi?"

Rehema hunitupia jicho ninyamaze. "Uji, Bibi," hujibu. "Ni uji tu."